Telomerasi na usugu wa dawa za saratani: uchague kipimo kipi ukiwa Mwanza?

Wiki ya mwisho kabla ya mapendekezo ya utafiti kukabidhiwa, mlango wa maabara haupumziki. Madaktari wanaosomea ubingwa huja mmoja mmoja, kila mtu na karatasi zake zilizobanwa kona. Mwaka huu alianza dada mmoja wa magonjwa ya wanawake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, daktari. Haya, leta tuone."

Juu aliandika kwamba atachunguza nafasi ya telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu, katika usugu wa saratani ya mlango wa kizazi dhidi ya dawa ya sisiplatini. Kwenye mbinu aliandika neno moja: TRAP, kipimo cha kuona kama telomerasi inafanya kazi. Nikamuuliza, hicho kinyama cha uvimbe wa mgonjwa kuanzia kinapokatwa hadi kinapofika kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kinapita mikono mingapi? Akahesabu kwa vidole: anayekata, muuguzi, mhudumu wa wodi, dirisha la mapokezi, mtu wa zamu, mwenye funguo za friza. Alipofika kidole cha sita akacheka mwenyewe.

Namwandikia yeye na wenzake. Vipimo vya telomerasi vinavyotajwa sana ni vitatu, na kila kimoja kina mashabiki wake. Kabla hujachagua, ni lazima ujue unamuuliza telomerasi swali gani, kwa sababu usugu wa dawa unampitia kwa njia mbili zisizofanana.

Njia mbili za usugu

Ncha za kromosomu hukingwa na telomea, yaani herufi sita TTAGGG zinazorudiwa maelfu ya mara. Seli ya kawaida ikigawanyika hupoteza herufi 50 hadi 200 hivi za ncha hiyo. Leonard Hayflick alionyesha mwaka 1961 kwamba seli za binadamu zikifugwa kwenye chombo hugawanyika mara 40 hadi 60 kisha hufunga duka. Telomerasi ndiyo inayorudisha herufi zilizopotea. Carol Greider na Elizabeth Blackburn waliigundua mwaka 1984 ndani ya Tetrahymena, kijidudu cha seli moja kinachoishi majini, na mwaka 2009 wakapata Tuzo ya Nobel pamoja na Jack Szostak. Ina sehemu mbili kuu: protini iitwayo TERT (ya binadamu huandikwa hTERT) na RNA inayobeba kielelezo cha herufi za kunakili. Katika tishu nyingi za mtu mzima jeni ya TERT imefungwa. Katika saratani 85 hadi 90 kwa kila 100 imefunguliwa tena.

Njia ya kwanza ya usugu ni hiyo ya telomea. Kemo, yaani dawa za saratani, inaua seli nyingi, zinabaki chache, na zile chache hazizeeki. Zinagawanyika mpaka uvimbe unarudi, na safari hii umetokana na zile zilizoikwepa dawa. Hapa telomerasi haizuii dawa kuingia wala kufanya kazi. Inawapa manusura muda usio na mwisho tu.

Njia ya pili ndiyo inayosahaulika kwenye mapendekezo mengi. Seli ikibanwa na sumu za oksijeni, ambazo dawa za doksorubisini na sisiplatini huzizalisha kwa wingi, sehemu ya hTERT hutoka kwenye kiini na kuhamia mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Huko hupunguza sumu hizo na kulinda DNA ya mitokondria, na seli iliyokuwa iko njiani kujiua ikaghairi. Tena hTERT hushirikiana na mitambo ya amri ya seli kama NF-kappa B na Wnt, mitambo ambayo inajulikana kwa kuzisaidia seli za saratani kuishi na kusambaa. Ushahidi wa njia hii uko kwenye suala la muda: maabara zikizima hTERT kwenye seli za saratani, mara nyingi seli huanza kuumizwa na sisiplatini au doksorubisini baada ya siku chache, wakati telomea hazijapungua hata kidogo. Kama faida yote ingekuwa ya ncha, tungesubiri wiki nyingi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika jina la kipimo, jiulize unafuata njia ipi. Kazi ya njia ya pili haihitaji kila mara kimeng'enya kiwe kinaongeza herufi. Protini yenyewe kuwapo inaweza kutosha.

TRAP: kipimo kizuri, msafiri mbaya

TRAP ilichapishwa mwaka 1994 na ndiyo iliyofungua uwanja mzima. Katika ripoti ile ya kwanza, vinyama 90 kati ya 101 vya saratani vilionyesha telomerasi, na tishu za kawaida 50 hazikuonyesha hata moja. Unasaga tishu ndani ya kimiminika kinachotoa protini bila kuziua, unaipa telomerasi kipande kifupi cha DNA akiongezee herufi, kisha PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, inakuza alichokiongeza. Ukitazama kwenye jeli, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu, unaona ngazi, kila kipago kikiwa juu ya mwenzake kwa herufi sita. Ni kipimo pekee kati ya vitatu kinachokuonyesha kimeng'enya kikiwa kazini, na kwa anayefuata njia ya kwanza hakuna mbadala wa kweli.

Tatizo lake ni kwamba kinataka kimeng'enya kiwe hai. Fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, inakiua. Joto linakiua, na hata utaratibu wa kipimo unaitumia tabia hiyo: sehemu ya kila sampuli unaichemsha kwa nyuzi 85 ili upate sampuli ya ulinganisho isiyo na telomerasi. Sasa fikiria kinyama kilichokaa dakika 40 kwenye sinia la chumba cha upasuaji, Mwanza, mwezi wa kumi.

Hili nimelilipia. Miaka iliyopita, kwenye maabara moja ambayo sitaitaja, tulikuwa na sampuli 31 tulizozikusanya kwa miezi saba. Ijumaa jioni umeme ukakatika, jenereta ikaunguruma, taa zikarudi, tukaenda nyumbani. Hakuna aliyekagua kwamba soketi ya friza ile haikuwa kwenye laini ya jenereta. Jumatatu tulikuta maji sakafuni. Tuliendelea na kipimo kwa ubishi tu, na jeli ikatuambia ukweli mweupe: chini kabisa, kila mstari ulikuwa na alama yake ya herufi 36, ile ya kuthibitisha kuwa PCR imefanya kazi. Juu yake hakuna kipago hata kimoja. Seli za HeLa, seli za saratani zinazofugwa maabara, tulizoazima kwa wenzetu zilitoa ngazi nzuri hadi juu. Maana yake mitambo ilikuwa mizima, sisi ndio tulileta maiti.

Ukienda bandarini Kirumba alfajiri utaona sangara wa visiwani wakishushwa wakiwa wamezikwa kwenye barafu, maana mwenye kiwanda atawakataa wakilegea kidogo. Kinyama cha mgonjwa kinakuja kwetu ndani ya glovu iliyofungwa fundo. Wavuvi wametuzidi.

Kuna tego jingine ambalo wenzetu wa Ulaya hawakutani nalo sana. Limfositi, yaani seli za kinga, zikiamshwa hufungua telomerasi zao, na hizo si saratani. Kibofu cha mgonjwa wa kichocho kimejaa limfositi miaka mingi kabla ya saratani kuanza. Ukisaga kinyama cha namna hiyo ukapata ngazi, hujui ni ya nani. Ukipima mkojo badala ya kinyama, damu iliyomo huizuia PCR, na unaweza kupata jibu la hapana kwa mtu ambaye ni ndiyo. Ndiyo maana alama ile ya herufi 36 si pambo.

Ushauri wangu: chagua TRAP ukiwa unafuga seli kwenye maabara, au kama una mtu wako anayesimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji na naitrojeni ya kimiminika mkononi. Kinyume na hapo, acha.

Kupima RNA ya hTERT kwa PCR

Hapa hupimi kimeng'enya, unapima maagizo ya kukitengeneza. Mashine ya PCR ya wakati halisi si kitu kigeni tena, tangu UVIKO wengi wameshaigusa. Faida kubwa kwa mtu wa hapa ni kwamba kuna vimiminika vya kutunzia RNA. Unakatakata kinyama chembamba, kisizidi nusu sentimita upande mmoja, unakitumbukiza kwenye kimiminika kisichopungua mara tano ya ujazo wake, na kinavumilia takriban wiki nzima kwenye joto la kawaida la chumba, mwezi mzima kwenye jokofu. Kinyama cha Ukerewe kinaweza kupanda meli kutoka Nansio na kufika salama hata kama imechelewa.

Usilegee hapo lakini. RNA ya hTERT ni haba, mara nyingi nakala chache tu kwa seli, kwa hiyo DNA kidogo iliyobaki kwenye sampuli inaweza kukudanganya. Safisha kwa kimeng'enya cha kuharibu DNA na uweke kisima cha ulinganisho ambacho RNA yake hukuigeuza kuwa DNA. Halafu RNA ya jeni hii hukatwa na kuungwa kwa namna nyingi. Baadhi ya RNA zake zina mapengo, na protini inayotoka humo haiwezi kuongeza herufi hata moja. Praima zako, vile vipande vifupi vya DNA vinavyoionyesha PCR ianzie wapi, zikishika sehemu iliyo ya wote, utaripoti telomerasi nyingi mahali ambapo kuna karatasi nyingi za maagizo mabovu. Chagua praima zinazoshika RNA kamili pamoja na nyingine zinazoshika jumla, uandike zote mbili. Wanafunzi wengi huchukua praima za kwanza wanazokutana nazo kwenye makala bila kuuliza zinatua wapi. Mtahini mzuri atauliza.

Kwa swali la usugu, hiki ndicho kipimo ninachokipendekeza mara nyingi. Hakikuambii protini iko kwenye kiini au mitokondria, lakini kinakupa kiasi, na kiasi ndicho unachokihitaji ili kulinganisha kabla na baada ya dawa.

Kusoma swichi ya jeni kutoka kwenye bloku ya nta

Mwaka 2013 iligunduliwa kwamba saratani nyingi za ngozi za aina ya melanoma zina badiliko la herufi moja kwenye promota ya TERT, ile swichi inayowasha jeni. Sehemu kuu ni mbili: herufi ya 124 au ya 146 kabla ya protini kuanza kuandikwa. C inageuka T, na badiliko hilo linatengeneza kishikio kipya cha protini za kuwasha jeni. Baadaye likaonekana kwenye zaidi ya nusu ya saratani za kawaida za kibofu na kwenye uvimbe mkali wa ubongo wa glioblastoma.

Uzuri wake unauona ukifungua kabati la patholojia. Bloku za nta zenye vinyama vya wagonjwa wa miaka na miaka, zimepangwa kwa namba, na faili za wagonjwa zinaonyesha nani alipewa dawa gani na ugonjwa ulirudi lini. DNA inavumilia nta. Huhitaji naitrojeni, huhitaji kusimama mlangoni. Unahitaji kibali cha maadili, wembe wa kukatia na subira.

Sasa kasoro, na ya kwanza ni ya kuudhi kweli. Fomalini huharibu herufi C ndani ya DNA hadi PCR inaisoma kama T. Badiliko unalolitafuta ni C kuwa T. Yaani kihifadhi chenyewe kinaweza kukutengenezea matokeo! Hatari huongezeka kinyama kikikaa wiki mbili kwenye fomalini isiyo na bafa, yaani kitulizo cha asidi, kabla ya kufika mjini, jambo ambalo kila mtu wa patholojia kanda hii analijua. Dawa yake ipo: kuna kimeng'enya kinachoondoa herufi zilizoharibika kabla ya PCR, na kila jibu la ndiyo lirudiwe kuanzia DNA mpya. Ya pili, eneo hilo limejaa G na C na PCR ya kawaida hugoma, kwa hiyo utahitaji kuongeza kemikali ya DMSO au kitu cha aina hiyo na kuhangaika na joto siku kadhaa.

Kasoro ya tatu ndiyo inayoua mapendekezo. Swichi iliyobadilika inakuambia mlango ulifunguliwaje, haikuambii umefunguka kiasi gani leo. Mgonjwa akiwa na badiliko kabla ya kemo, atakuwa nalo baada ya kemo. Unaweza kuuliza kama wenye badiliko walipona kidogo kuliko wasio nalo. Huwezi kuuliza dawa ilibadilisha nini.

Kuna wanaotaka njia ya mkato kwa kupaka kingamwili dhidi ya hTERT kwenye vipande vya nta na kutazama rangi. Rahisi, nakubali. Ila kingamwili kimoja kilichotumika sana kilikuja kuonekana kinashika nukleolini, protini nyingine kabisa. Kama huna namna ya kuthibitisha chako kwa seli zisizo na hTERT, okoa pesa zako.

Saratani ipi, kipimo kipi

Katika saratani ya mlango wa kizazi, protini E6 ya kirusi cha HPV huamsha jeni ya TERT yenyewe. Mabadiliko ya swichi si ya kawaida huko, kwa hiyo dada yangu yule angefungua bloku 100 na kurudi na mkono mtupu au karibu nao. RNA ndiyo inayomfaa. Tena wagonjwa hawa wanapewa sisiplatini pamoja na mionzi, na kinyama cha kabla ya tiba hukatwa hata hivyo kwa ajili ya uchunguzi, kwa hiyo hamuumizi mtu mara ya ziada.

Limfoma ya Burkitt, ile ya taya za watoto ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokea Uganda, upande wa pili wa ziwa letu, ina habari tofauti. Jeni ya MYC imehamishwa mahali pabaya, na MYC huwasha TERT moja kwa moja. Karibu kila seli ya uvimbe ule iko kwenye kugawanyika. Telomerasi ipo kwa wagonjwa takriban wote, na ukipima kitu ambacho wote wanacho, hupati kundi la kulinganisha nalo. Mwenye kutaka Burkitt apime kiasi cha RNA, na awe na sampuli za waliorudiwa na ugonjwa. Hao ni wachache, na wazazi wao wana mengine ya kufikiria. Kwa shahada ya miaka mitatu, mimi nisingeigusa.

Kibofu kinawavutia wengi kwa sababu ya kichocho. Angalieni kwanza mnazungumzia kichocho kipi: cha ufukweni na visiwani kwa kawaida ni cha tumbo, na kile cha mkojo kinachohusiana na saratani hii ni cha malambo na majaruba ya bara, kama Misungwi na Kwimba. Kusoma swichi kutoka kwenye nta kunafaa hapa kama swali ni asili ya saratani. Kama swali ni usugu wa dawa, utakwama, maana saratani ya aina ya skwamasi inayofuata kichocho kwa kawaida hutibiwa kwa kisu, na kemo haina makali makubwa juu yake. Utapimaje usugu kwa dawa ambayo mgonjwa hakupewa?

Tego la kabla na baada

Tuseme umepata jozi: RNA ya hTERT ilikuwa juu kabla ya dawa, ikashuka baada ya mizunguko mitatu. Usikimbilie kuandika kwamba dawa imeizima telomerasi. Huenda kinyama cha pili kina seli za saratani robo tu, kingine ni kovu na tishu zilizokufa. Mpelekee mtu wa patholojia kipande cha jirani akuhesabie asilimia ya seli za saratani, na upime pia alama ya kugawanyika kama Ki-67, kwa sababu seli inayogawanyika kwa kasi huwa na telomerasi nyingi hata kama haina usugu wowote. Bila vitu hivyo viwili, utakuwa umepima ukubwa wa uvimbe kwa njia ya gharama.

Wapo watakaouliza: haya yote yana faida gani kwa mgonjwa wa hospitali ya Sekou Toure au Bugando? Kwa leo, ndogo. Dawa ya kuzuia telomerasi iliyopitishwa Marekani ni imetelstat, Juni 2024, na ni kwa ajili ya ugonjwa wa uboho uitwao myelodisplasia. Katika jaribio lake kubwa, karibu asilimia 40 ya waliopewa dawa walikaa wiki nane au zaidi bila kuongezewa damu, dhidi ya asilimia 15 ya wengine. Haikupitishwa kwa ajili ya kuvunja usugu wa sisiplatini. Kwenye saratani ya mapafu haikuleta tofauti iliyotarajiwa, na chanjo ya GV1001 iliyolenga hTERT ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,062 wa kongosho Uingereza bila kuwaongezea maisha. Sababu moja inayotajwa ni ya njia ya kwanza: ukimzuia telomerasi leo, lazima usubiri ncha zipungue, na mgonjwa wa mapafu hana miezi hiyo. Ndiyo maana watafiti wengine wanajaribu 6-thio-dG, herufi bandia ambayo telomerasi mwenyewe anaiingiza kwenye ncha na kuiharibu upesi bila kungoja ipungue.

Yule dada alirudi Jumatatu. TRAP ilikuwa imefutwa, mahali pake RNA, jozi za kabla na baada, na mstari mmoja juu ya Ki-67. Alikuwa na chupa ya kimiminika cha kutunzia, kaifungia kwenye mfuko wa barafu kwa heshima zote, anauliza kama wodini akiweke kwenye jokofu pamoja na insulini. Nikamwambia chupa ambayo haijatumika hukaa rafuni tu, ikipata baridi inatoa chumvi chini. Na aandike jina lake kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu kinafanana na maji na mtu wa zamu ya usiku atakimwaga.